Ndoto ya kutisha inayojirudia: namna ya kuifumua na kulala vizuri hapa Dar

Kwa miaka mitatu niliota maji. Kila mara ilianza vilevile: nimelala, nasikia kitu kinagonga mlango taratibu, nafungua, na mto umesimama kizingitini. Kisha unaingia. Namtafuta mdogo wangu simwoni, naita na sauti haitoki. Nashtuka jasho chapachapa, moyo unadunda, saa tisa au saa kumi alfajiri, na hapo usingizi ndiyo umeshaaga.

Ndoto ile ilikuwa na mzizi wake. Desemba 2011 tulikuwa tumepanga Kigogo, karibu na bonde la Msimbazi, mafuriko yalipotukuta. Wengi mnakumbuka: watu juu ya mapaa, Jangwani imegeuka bahari, na baadaye familia zikapelekwa Mabwepande. Sisi tulitoka salama. Mdogo wangu yuko hai na sasa ana watoto wake. Lakini kichwa changu kiliendelea kumpoteza kila wiki.

Nilipitia mengi kabla ya kupata nafuu. Niliogopa kulala, nikawa nakesha na simu, mchana nasinzia juu ya cherehani mpaka siku moja nikajichoma sindano kidoleni. Aliyenifungua macho alikuwa muuguzi wa afya ya akili, na jambo alilonifundisha ndilo uti wa mwongozo huu: ndoto inayojirudia haipiganwi usiku. Usiku umelala, huna nguvu nayo. Kazi yake hufanywa mchana, ukiwa macho, na kalamu mkononi.

Kwanza, jua ni lipi linalokupata

Mtaani kila kinachotusumbua usiku tunakiita jinamizi. Lakini kuna mambo tofauti humo, na tiba yake si moja.

Kuna ndoto ya kutisha yenyewe. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope huku ubongo ukifanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio waliokieleza kipindi hicho mwaka 1953. Ndoto nzito hutokea humo, na vipindi hivyo hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto mbaya huja saa tisa au saa kumi, mara chache saa tano. Ukishtuka unaikumbuka, unajua uko wapi, na hofu inabaki nawe.

Kuna jinamizi hasa, kule kukabwa. Umeamka, unaliona dari, unasikia feni, lakini mwili haunyanyuki. Kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ya mwili ili usije ukaitenda ndoto yako kwa mikono na miguu. Safari hii akili imeamka mapema na mwili bado umefungwa. Huisha baada ya sekunde au dakika chache, na haliui. Ni hali ya dunia nzima: karibu mtu 1 kati ya 13 hupatwa nayo walau mara moja maishani. Sisi wa Pwani tunakumbuka habari za Popobawa, mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walipokuwa wakilala nje makundi makundi kwa kuogopa kuingia ndani. Baadhi ya waliochunguza masimulizi yale waliona yanafanana sana na kukabwa huku. Sisemi kwamba watu walidanganya. Hofu ilikuwa ya kweli na uzito wa kifuani ulikuwa wa kweli.

Ukikabwa, usipambane na mwili mzima, utazidi kuogopa. Chagua kiungo kimoja kidogo, kidole gumba cha mguu au ulimi, ujaribu kukisogeza huku unavuta pumzi polepole. Kidole kikisogea, mwili wote unafuata. Na kama linakurudia, acha kulala chali, lala ubavu, kisha angalia saa zako za kulala, kwa sababu jinamizi huwapenda waliochoka: walinzi, wauguzi wa zamu, madereva wa usiku, wanafunzi wakati wa mitihani.

Kuna kuweweseka kwa watoto, nitalisemea mbele. Na kuna yule anayekoroma sana, pumzi inakatika kidogo, kisha anashtuka kama aliyekuwa anazama. Huyo mara nyingi huota anakabwa au anazama kwa sababu kweli anakosa hewa. Kuandika ndoto hakutamsaidia sana. Anahitaji daktari amwangalie koo, uzito na pumzi. Mwulize unayelala naye jinsi unavyolala, maana wewe mwenyewe hujisikii.

Angalia dawa, homa na kilevi

Hili fanya kabla ya kumnyooshea jirani kidole. Nimeona majirani wakikosana kwa ndoto ambayo chanzo chake kilikuwa kopo la vidonge mezani.

Homa huleta ndoto za ajabu. Kama zimeanza ghafla na mwili unauma, nenda kapime malaria. Baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, huweza kuleta ndoto mbaya. Meflokini, ambayo wageni wengi walikuwa wakipewa kujikinga na malaria, inajulikana kabisa kwa hilo. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye efavirenzi zilisumbua sana ndoto za watu, na wengine waliohamia zenye dolutegraviri hukosa usingizi au kuota kupita kiasi. Ukiwa miongoni mwao, usiache dawa hata siku moja. Waulize CTC, kliniki unakochukulia dawa hizo, kama unaweza kuhamisha saa ya kumeza iwe asubuhi. Mara nyingi ni marekebisho madogo tu kama hayo.

Pombe inadanganya. Inakulaza haraka, inazizuia ndoto nusu ya kwanza ya usiku, halafu nusu ya pili zinarudi kwa kishindo. Anayekunywa ili asiote anajiongezea deni la alfajiri. Na aliyezoea pombe au bangi kila siku akiacha ghafla huota mno kwa siku kadhaa, hata wiki. Ajue ni ya kupita. Ila mnywaji mkubwa asiache peke yake nyumbani, aende hospitali, kwa sababu kutetemeka na degedege za kuacha pombe zinaweza kuua.

Piritoni nayo niiseme. Wengi tunainunua duka la dawa ili tulale. Ni dawa ya mzio, inakuacha na kichwa kizito asubuhi, na ndoto yenyewe haiigusi. Vidonge vya usingizi vya kununua kwa siri ni vibaya zaidi, kwa sababu vinakufanya usiweze kulala bila hivyo.

Daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo na kalamu. Simu usiitumie kwa kazi hii, ukiifungua usiku utajikuta umeingia kwenye magrupu.

Kila asubuhi andika mistari mitatu au minne: ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, uliota nini kwa maneno machache, na jana yake ulikula, ulikunywa na kugombana na nani. Wiki mbili zinatosha. Mimi niliona jambo ambalo sikulitegemea: ndoto ya maji ilikuja zaidi usiku ambao mvua imepiga bati, na usiku wowote niliolala nikiwa na deni la kodi kichwani. Hivyo nikajua usiku gani nijiandae.

Bibi yangu alitufundisha kwamba ukiota ndoto mbaya uombe kinga kwa Mwenyezi Mungu, ugeuke ubavu mwingine, wala usiisimulie ovyo. Mwanzoni nilisita kuandika kwa sababu ya mafundisho hayo. Kisha nikaelewa kwamba daftari langu si baraza. Naandika kwa ajili ya matibabu, kama ninavyomweleza daktari ninapoumwa. Na ile ya kugeuka ubavu naifanya mpaka leo, inasaidia kweli kuikata ndoto isiendelee. Dua yako, sala yako, endelea nayo. Haipingani na chochote kilichomo humu.

Kuifumua ndoto na kuishona upya

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa.

Fundi cherehani akikosea mshono haendi kugombana na kitambaa. Anafumua mahali palipokosewa, anashona upya, pasi inapita, imekwisha. Ndoto inayojirudia ni mshono ambao ubongo umeuzoea. Kila usiku unapita palepale kwa sababu ndipo njia ilipo. Ukiuzoesha njia nyingine mchana, usiku nao huanza kuipita.

Njia hii wataalamu huiita kuzoeza taswira. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti waliofanya kwa wanawake 168 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono na waliokuwa wakisumbuliwa na ndoto mbaya. Waliofundishwa njia hii, kwa vikao vitatu tu, walipungukiwa ndoto na wakalala vizuri zaidi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kimeipendekeza kwa watu wazima wenye tatizo hili. Haihitaji mashine wala fedha.

Inafanywa hivi. Chagua ndoto moja. Usianze na ile iliyo kali kuliko zote. Kama una tatu, anza na ya wastani ili ujifunze mkono. Kaa mahali palipotulia, mchana au jioni kabla giza halijaingia. Iandike ndoto mara moja, kwa ufupi, kama anayesimulia sasa hivi: nafungua mlango, maji yanaingia. Ukurasa mmoja unatosha. Huhitaji kuirudia rudia ndoto ya zamani, wala usijilazimishe kuzama ndani yake.

Halafu ibadilishe utakavyo. Watu wengi hapa hufikiri lazima washinde, wamuue simba, wamkamate mwizi. Si lazima. Wakati mwingine ugomvi ndani ya ndoto huleta ugomvi zaidi. Badilisha mahali popote: mwanzo, kati, mwisho, rangi ya mlango, mtu uliyenaye. Badiliko dogo linaweza kuigeuza yote. Mwanaume mmoja jirani yetu, kondakta wa daladala, alikuwa akiota gari limekatika breki kwenye mteremko wa Kimara. Hakuandika kwamba breki zimepona. Aliandika kwamba barabara inaanza kupanda, gari linapunguza mwendo lenyewe, abiria wanashuka wakilalamikia chenji zao. Alicheka alipokuwa ananisimulia, na kicheko kile kilikuwa dalili nzuri.

Yangu niliiandika hivi:

Nafungua mlango. Mto umesimama kizingitini, umejaa kama bahari ya Coco inavyojaa. Nausubiri. Maji yanaanza kupwa. Yanarudi nyuma polepole, yanaacha mchanga wenye mistari mistari, baridi chini ya nyayo zangu. Mdogo wangu yuko pale mbele, ameinama, anaokota kombe. Namwita. Sauti inatoka. Anageuka ananipungia mkono.

Ukishaiandika, kazi ya kila siku ni kuipitia hiyo mpya, siyo ya zamani. Dakika 10 hadi 20, umefumba macho, uione, usikie sauti zake, uhisi ubaridi wake. Mimi niliifanya kwenye daladala kutoka Tabata kwenda Kariakoo, foleni ilikuwa inanipa muda wa kutosha. Ya zamani ikijipenyeza katikati, usiifukuze kwa hasira. Fumbua macho, tazama dirishani, pumua, anza tena pale maji yanapoanza kupwa.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, na nilikaribia kuacha. Wiki ya pili niliota maji bado, lakini niliona kwamba nimevaa viatu. Jambo dogo la ajabu, lakini halikuwahi kuwepo kabla. Wiki ya tatu maji yalikuja na sauti yangu ikatoka. Baada ya hapo ndoto ilikuja mara moja moja tu, imepauka kama kanga iliyofuliwa sana. Kwako inaweza kuchukua muda zaidi au pungufu. Badiliko la kwanza mara nyingi ni kitu kidogo kama viatu vyangu, kwa hiyo endelea kuandika daftari usije ukalikosa.

Tahadhari moja. Kama ndoto yako ni tukio lenyewe lililokutokea, neno kwa neno, iwe ajali, kubakwa, kushambuliwa, au mabomu ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, na ukijaribu kuliandika unatetemeka au unajiona umerudi palepale, funga daftari. Fanya kazi hii ukiwa na mtaalamu pembeni. Njia ni ileile, ila hutakiwi kuipita peke yako.

Ukishtuka saa tisa usiku

Washa taa au tochi. Weka nyayo zote mbili sakafuni uhisi saruji. Taja kwa sauti ya chini vitu vitano unavyoviona: ndoo, pazia, cherehani, viatu, chandarua. Taja na mwaka, na mtaa ulipo. Inaonekana jambo la kitoto, lakini ubongo ulioko kwenye hofu unahitaji ushahidi kwamba hapa ni chumbani na si kule.

Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe kwa kuhesabu hadi sita. Kutoa pumzi ndefu kuliko ya kuvuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Nawa uso. Badilisha fulana iliyolowa jasho.

Usitazame saa, maana ukiona saa tisa na nusu utaanza kuhesabu muda uliobaki kabla ya kuamka. Na kama kwa makadirio yako dakika 20 zimepita usingizi haujaja, toka kitandani. Kwenye chumba kimoja utatokaje? Kaa kwenye kigoda au mkeka karibu na mlango, mwanga hafifu, kunja nguo, fanya tasbihi, soma kitu cha polepole. Kope zikianza kuwa nzito ndipo urudi. Kitanda kikizoea kwamba juu yake watu hugaagaa wakiwaza, kitakuwazisha kila ukipanda.

Joto, kelele na chumba chetu

Miongozo mingi ya usingizi husema chumba kiwe baridi, giza na kimya. Anayeishi Manzese au Mbagala akisoma hivyo anaona hayamhusu. Tufanye tunachoweza.

Joto linavunja usingizi na kuleta kushtuka kwingi, na kila kushtuka ni nafasi ya kukumbuka ndoto. Kuanzia Desemba hadi Machi bati linatoa joto lililolikusanya mchana mpaka usiku wa manane. Fungua madirisha jioni mapema kama yana wavu. Oga saa moja au mbili kabla ya kulala, mwili ukikauka unapoa. Lala na kanga au shuka jepesi la pamba, godoro la sponji litandikie mkeka juu. Feni iweke nje ya chandarua ikitazama miguu na kiwiliwili. Umeme ukikatika, kitambaa kibichi shingoni na kwenye nyayo kinasaidia mpaka mwili utulie. Chandarua usikiache kwa ajili ya hewa, hata usiku mmoja.

Kelele ni jambo gumu zaidi. Kigodoro mtaa wa pili, baa, jenereta, mkesha wa kanisani, bodaboda. Kinachoamsha hasa ni sauti inayopanda na kushuka, kwa hiyo mvumo wa feni unaoendelea usiku kucha hufunika nyingi kati ya hizo. Pamba safi au vizibo vya masikioni pia. Kama kuna baa inayopiga muziki mpaka alfajiri kila wikendi, pitieni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiwa majirani kadhaa. NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, nao hupokea malalamiko ya kelele. Mtu mmoja akilalamika huitwa mwenye wivu, kumi wakilalamika husikilizwa.

Kahawa: nusu ya nguvu yake bado imo mwilini baada ya saa kama tano. Kikombe cha saa moja jioni pale kijiweni, na kashata yake, saa sita usiku kinafanya kazi bado. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo hivyohivyo, na chai ya rangi nzito pia. Baada ya saa nane mchana hamia mchaichai. Ugali mzito wa saa nne usiku unaleta kiungulia na kiungulia kinakuamsha. Kama ndipo unapofika nyumbani, kula kidogo usiku na chakula kikubwa ukile mchana.

Na zile picha za ajali na maiti zinazosambazwa kwenye magrupu, naomba kwa dhati, usizifungue usiku. Zima upakuaji wa picha wenyewe kwenye mpangilio wa simu. Ubongo unaozidi kuota vitisho hauhitaji kuongezewa malighafi.

Saa ya kuamka ndiyo inayoshika saa ya kulala

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Hesabu zake zinamwambia awe amelala saa tatu usiku. Tamthilia ya saa tatu na nusu anaipata kwa gharama ya usingizi, na usiku unaofuata upungufu ule, ndoto huwa kali zaidi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Shika saa moja ya kuamka, siku zote, Jumapili pia kwa kukaribiana. Ukilala vibaya, usifidie kwa kulala mchana kwa muda wa saa tatu. Dakika 20 au 30 kabla ya saa tisa alasiri zinatosha. Toka nje upate jua la asubuhi.

Nusu saa ya mwisho, mambo yawe yaleyale kila siku kwa mpangilio uleule. Na wasiwasi upe saa yake mapema: jioni, saa kumi na mbili hivi, kaa dakika 15 na karatasi, andika kodi, ada, ugomvi wa kazini, na kando ya kila moja hatua moja ya kesho. Yakija tena kitandani, yaambie yameshaandikwa.

Mtoto anapopiga kelele usiku

Mtoto anayeketi kitandani saa nne au saa tano usiku, macho wazi, akipiga ukelele na hakutambui, mara nyingi haoti. Yuko katika usingizi mzito sana na ameamka nusu. Usimtikise, usimmwagie maji. Kaa karibu asijiumize, sema naye polepole, atalala tena, na asubuhi hatakumbuka lolote. Huisha kadiri anavyokua. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12, na wanaochelewa kulala ndio huweweseka zaidi.

Anayeamka alfajiri akilia na kukusimulia, huyo ameota. Mkumbatie, msikilize, na mchana mpe karatasi aichore ndoto, kisha achore mwisho anaoutaka yeye. Watoto hufanya hili vizuri kuliko sisi. Kumtisha kwamba zimwi litamchukua asipolala tuache. Na akikojoa kitandani asichapwe wala kusemwa mbele za watu.

Ila mtoto aliyebadilika ghafla, ana ndoto mbaya, anamwogopa mtu fulani au mahali fulani, amerudia kukojoa baada ya kuacha, mwulize kwa upole na umwamini. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, hailipishwi, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kama ndoto zimeendelea zaidi ya mwezi, kila wiki, na mchana unashindwa kazi au unaogopa kulala. Nenda kama tukio la zamani linakurudia hata ukiwa macho. Nenda kama usiku unauma ulimi, unajikojolea na kuamka mwili unauma, kwa sababu inaweza kuwa kifafa. Mzee anayepiga ngumi na mateke akiwa ndotoni, akamuumiza mkewe, naye apelekwe. Misuli yake haifungwi inavyotakiwa, na wakati mwingine ni dalili ya awali ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Na kama unawaza kujiua, usisubiri asubuhi. Mwamshe mtu, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu usiku huohuo.

Anza kituo cha afya cha karibu, waombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Huduma hiyo ipo Amana, Temeke na Mwananyamala, na Muhimbili kwa yaliyozidi. Beba daftari lako na dawa zote unazotumia. Usiseme tu "silali". Sema: naota ndoto hii, mara hizi kwa wiki, tangu lini, na mchana inanifanya nini. Sentensi hizo nne zitakuokolea safari kadhaa. Wengi wanaogopa wataitwa vichaa wakionekana kwenye foleni ile. Nilikaa kwenye foleni ile. Kulikuwa na mwalimu, mama wa sokoni, kijana wa bodaboda na mjamzito, kila mmoja na kadi yake mkononi kama kliniki nyingine yoyote.

Ndoto yangu haijafutika kabisa. Vuli ikianza kupiga bati mwezi wa kumi na moja, kuna usiku huja. Nikiisikia mvua jioni, natoa daftari lile kuukuu, nasoma ukurasa wa maji kupwa mara mbili, nazima taa, nageukia ubavu wa kulia.